Jip ya Katogota na Neno Cheni

Swali linaloninyima usingizi ni dogo, na fundi yeyote mwenye akili iliyotulia angelijibu kwa kuinua mabega: cheni ile ingeshika mteremko mmoja zaidi, au isingeshika? Kuna usiku naisikia ikishika. Jip inashuka Lemera mpaka tambarare bila tatizo, mke wa mwalimu anapakiwa kiti cha nyuma, anafikishwa hospitali. Kuna usiku mwingine naisikia ikiruka katikati ya kona, freni, yaani breki, zinakuwa ngumu kama ukuta, na mimi na Papa Kabungulu tunaishia bondeni. Asubuhi ya usiku wote wawili naamka nimechoka vilevile.

Nawaandikia ninyi mlionikuta garajini Kilibula, hapa Uvira, ambao bado mnaamini kwamba mkimaliza kujifunza hofu itaisha. Mimi nimestaafu. Najua mtacheka, kwa sababu sijaota mvi hata moja. Patro wetu, mwenye garaji, Papa Lwaboshi, alicheka pia alipoona nafungasha spana zangu. "Weye unastaafu na meno yote mukinywa?" Nikamjibu kwamba ndiyo, na meno yote. Sina neno jingine la kuita jambo hili. Mtu anayeacha kazi kwa sababu imeisha ndani yake, amestaafu, hata kama diploma yake bado inanuka wino.

Siku yangu ya kwanza nilifika na diploma ya elektromekaniki na ovaroli ambalo mama yangu alikuwa amelipiga pasi. Ovaroli lililopigwa pasi ni kosa kubwa garajini. Mafundi walinisalimia kwa heshima ya dharau, mmoja akaniuliza kama nimekuja kufungisha ndoa. Patro hakucheka. Alinipeleka kwenye lori lililokuwa linanguruma uani, akachukua turnevisi ndefu, yaani bisibisi, akaweka ncha yake kwenye moteri na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio lake. Kisha akanipa mimi.

"Unasikia nini?"

"Labda ni valvu, Patro. Labda oili imepungua. Lakini pia labda ni pampu, kwa sababu…"

"Minye nimekuuliza unasikia nini. Sikukuuliza unaogopa nini."

Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Injenieri Labda. Wateja walidhani ni jina la ukoo.

Turnevisi ile ndiyo chombo nilichokipenda kuliko vyote. Shuleni tulikuwa tumesoma habari za mashine zinazounganishwa na moteri na kuandika ugonjwa wake kwenye kioo. Kilibula hatukuwa nazo, na hata tungekuwa nazo, umeme ulikuwa unakuja kama mgeni asiyeaga. Kwa hiyo tulisikiliza. Nilijifunza kwamba valvu inagonga kavu, pistoni inagonga nzito, na beringi inalia kama mtoto anayetaka kulala. Nilijifunza pia kuziba tangi lililotoboka kwa sabuni ya kipande, ukisugua mpaka inaingia kwenye tundu. Lori la kwanza nililoziba namna hiyo lilikwenda Fizi na kurudi. Mimi sikula siku ile mpaka liliporudi.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo hakuna shule ingenifundisha. Katika miaka hii ya vita, hapa kwetu mtu akileta gari la kuuza, analileta likiwa limewashwa. Tunasema gari iko macho. Halizimwi mbele ya mnunuzi, kama vile mgeni hapokewi na mtu anayepiga miayo. Mnunuzi naye haulizi gari limetembea kiasi gani wala lilitoka wapi. Anauliza kama linawaka. Siku milio inapoanza upande wa milimani, gari linalowaka ni familia iliyovuka, na gari linalosukumwa ni familia iliyobaki. Kwa hiyo muuzaji mwenye adabu anawasha gari lake mapema, analizungusha mtaani, na anakuja nalo likiwa na joto. Hakuna hila ndani yake. Ni heshima.

Ila kuna magonjwa ambayo gari lenye joto halina.

Jip ililetwa na Bwana Prosper, mfanyabiashara wa vitambaa aliyekuwa anahamisha nyumba yake kwenda ng'ambo ya ziwa. Ilikuwa jip ya kifahari, nyeusi, na viti vya ngozi. Kiti cha dereva kilikuwa na kitufe cha kupasha joto makalio. Uvira, kwenye joto hili! Tulikibonyeza kwa zamu, tukatoka jasho, tukaridhika. Aliyetaka kuinunua alikuwa Papa Kabungulu, rais wa ushirika wa wakulima wa mpunga wa Katogota. Alikuwa amekuja na wenzake wawili wa komite, wote wamevaa makoti ya misa. Walikuwa wamechoka kuona wanawake wao wanapelekwa hospitali kwenye kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli, mama mwenye uchungu amekaa nyuma kwenye kerieri na mtu mwingine anamshika asianguke. Walitaka gari la wajawazito. Isingekuwa haraka ya Bwana Prosper, wasingeweza hata kuuliza bei ya jip ile.

Moteri ilikuwa inanguruma polepole, tamu, kama paka aliyeshiba. Niliweka turnevisi. Hakuna kitu. Ndipo nilipoanza kuwaza, na mnajua nikianza.

Nilikuwa nimesoma kuhusu moteri za aina ile. Ndani yake, upande wa mbele, kuna cheni ya chuma inayozungusha valvu ili zifunguke na kufungwa kwa wakati wake, zipishane na pistoni bila kugusana. Cheni hiyo inabanwa na kidude kinachosukumwa na oili. Gari likilala, oili inashuka chini. Asubuhi ukiwasha, kwa muda mfupi sana kidude hakina nguvu, na kama cheni imelegea, inapiga kuta. Inatoa mlio wa misumari kwenye kopo la maziwa. Halafu oili inapanda, mlio unanyamaza, na siku nzima moteri inaimba. Asiyeisikia asubuhi hataisikia kamwe.

"Bwana Prosper," nilisema, "naomba uizime. Ilale hapa mpaka kesho."

"Ilale? Gari haiko mugonjwa, inalazwa kwa nini?"

"Nataka kuisikia ikiwa baridi."

"Na wenye bunduki wakipita hapa jioni, watakuta nini? Utawaambia wangojee, Injenieri iko nasikiliza?" Akamgeukia Patro. "Papa Lwaboshi, huyu kijana wako alisoma kwa mapadri ao kwa polisi?"

Alikuwa na haki. Gari lililolala garajini lilikuwa linachukuliwa. Mwenyewe alikuwa analihamisha kila jioni kutoka parseli moja, yaani kiwanja kimoja, hadi nyingine. Patro aliniangalia kama mtu anayeangalia mvua kupitia dirishani, akasema nifanye ninachoweza na moteri ikiwa macho.

Nilichoweza ni hiki. Nilimwomba Bwana Prosper azime kwa muda wa kunywa maji tu. Nikafungua kifuniko cha kumiminia oili, nikaingiza tochi na kidole kirefu. Katika moteri ile, kupitia tundu hilo, unaona sehemu ndogo ya cheni. Niliigusa. Ilicheza. Haikucheza sana. Ilicheza kama jino la mtoto ambalo bado halijaamua.

Nilitoa kidole, nikakifuta, nikasimama mbele ya komite. Hapa ndipo ninapowaomba msome taratibu. Sikudanganya, sikuficha, sikusema nusu. Nilisema: "Papa, cheni ya ndani imelegea."

Nilimwona Papa Kabungulu akishusha mabega. Aliwatafsiria wenzake kwa Kifuliiru, na wote watatu wakacheka, cheko la watu walioambiwa mgonjwa wao atapona.

"Cheni tu?" alisema. "Eee, Mungu asifiwe. Minye nilifikiri utasema moteri."

"Lakini cheni iko ndani ya moteri, papa. Labda itashika muda mrefu, labda…"

"Cheni tunaizoea, mwanangu. Cheni haituui."

Mmoja wao alinipigapiga begani. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kutulia, kwa sababu mtu anayeona hatari ya kweli hapa kwetu hapangi maelezo, anakimbia. Nilizungumza mpaka nikaishiwa pumzi. Waliitikia kwa vichwa, ndiyo, ndiyo, tumesikia. Nami nilidhani wamesikia. Waliinunua mchana ule ule, wakaondoka nayo na wimbo wa kanisani, bendera ya ushirika ikitoka dirishani.

Ilifanya kazi nzuri. Hilo nalo liandikwe. Kwa msimu mmoja na nusu wanawake wa Katogota walikwenda kujifungua wakiwa wamekaa kwenye ngozi. Watoto wawili waliitwa kwa jina la rangi ya gari, Cheusi wa kike na Cheusi wa kiume. Kila nilipopata mtu anayetoka huko niliuliza kama gari linalia asubuhi. Walijibu kwamba linalia kidogo, halafu linanyamaza, kama mtu yeyote anayeamshwa.

Hatimaye nilikwenda mwenyewe Katogota kubadilisha oili. Nililala kwa Papa Kabungulu, na asubuhi, kabla hajawasha, nilisimama mbele ya boneti na mikono nyuma. Aliwasha. Nikasikia misumari kwenye kopo la maziwa, kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Kisha kimya.

Papa Kabungulu aliteremka, uso wazi. "Leo njo leo," alisema. "Tulikuwa tunakungojea weye tu." Akamwita jirani yake Sadiki, fundi wa kinga wa pale kijijini, mtu mpole mwenye vidole vyeusi vya grisi. Sadiki alikuwa amekuja na nyundo ndogo, msumari mnene, na kipande cha mbao cha kugongea.

"Fungua tu, Injenieri," Sadiki alisema. "Minye nitakata pingili moja, ao mbili kama imelegea sana. Tunarudisha, tunapaka grisi. Inatembea."

Nilikaa chini kwenye ngazi ya nyumba. Nilielewa yote kwa mara moja: mabega yaliyoshuka, cheko, mkono begani. Tambarare nzima ya Ruzizi inaishi kwa kinga. Mihogo, mpunga, magunia ya makaa, maharusi, wagonjwa, vyote vinapita kwenye cheni. Cheni ikilegea, unakata pingili moja, unapanda, unaenda. Hakuna kitu chepesi zaidi duniani. Mimi nilikuwa nimewaletea habari ya kifo nikiwa nimeivisha neno linalowafurahisha. Ningesema moteri, wangeiacha. Ningesema moyo, wangeiacha. Nilisema cheni, kwa sababu kitabu kilisema cheni.

"Papa," nilisema, na safari hii sikutia labda, "hii haikatwi. Ikiruka jino moja, vyuma vya ndani vinagongana, na moteri inakufa hapo hapo. Haifufuki. Hakuna fundi Uvira, wala Bukavu, atakayeifufua."

Sadiki alirudisha msumari mfukoni. Papa Kabungulu aliuliza kwa sauti ndogo, "Na weye ulijua?"

"Nilisema, papa."

"Ulisema cheni."

Nilitaka kuipeleka jip Kilibula tuifungue mara moja. Lakini cheni mpya na vidude vyake ilibidi vitoke Bujumbura, na mpaka ulikuwa umefungwa. Tena kulikuwa na Nyota, binti wa mwisho wa Papa Kabungulu. Uzazi wake wa kwanza ulikuwa wa kupasuliwa, na muuguzi wa kijiji alikuwa amesema wazi kwamba wa pili usingojewe nyumbani. Tumbo lilikuwa limeshuka. Tukiifungua jip, Nyota anabaki bila gari. Tukiiacha mpaka uchungu uanze, inaweza kufia njiani naye akiwa ndani. Niliwaza hayo kwa sauti mpaka chai ikapoa. Nyota mwenyewe ndiye aliyenikatiza, akiwa amesimama mlangoni mikono kiunoni, akiniita shemeji kwa utani.

"Sasa weye shemeji, unanihesabu mara ngapi? Nipeleke leo. Nitangojea huko huko, hata kama ni kulala na kuku."

Tulikwenda siku hiyo, kwenye hospitali ya Lemera kule mlimani. Niliendesha mimi, Papa Kabungulu pembeni, Nyota nyuma na sufuria zake. Sikuzima moteri hata mara moja. Kwenye bariera, kizuizi cha barabarani, ya mwisho kabla ya kupanda, askari mmoja aliamuru izimwe. Nyota alitoa kichwa dirishani: "Ukizima, weye njo utanibeba mugongoni. Chagua bega." Askari alicheka, akainua kamba.

Hospitali ilimpokea, akapewa kitanda cha kungojea. Tukaiegesha jip uani, kwenye sehemu tambarare, nikaizima nikiwa nimeshika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayemlaza mtoto. Kule juu kuna baridi. Oili iliteremka yote.

Asubuhi simu ya Papa Kabungulu iliita. Alikuwa muuguzi wa kijiji. Mke wa mwalimu alikuwa ameanza uchungu kabla ya wakati wake, na mtoto alikuwa amelala kimkingamo. Walikuwa wanataka jip.

Niliingia, nikawasha. Misumari ilianza, na haikunyamaza. Nilingoja oili ipande, taa ya oili ikazimika, na bado cheni ilikuwa inapiga. Nilizima.

"Jana ilitufikisha," Papa Kabungulu alisema.

"Jana tulipanda, papa. Leo tunashuka. Moteri ikifia kwenye kona, freni zinakuwa ngumu na usukani unakuwa mzito. Hatutasimama. Lakini tukiifungua sasa kabla haijaruka, moteri inabaki hai. Cheni ikipatikana, inarudi kazini."

"Ikipatikana lini?"

"Sijui."

"Lakini inaweza kutufikisha leo."

"Labda."

"Na inaweza kutuua."

"Labda, papa."

Alivua kofia yake, akaishika kifuani. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonishinda. "Sasa, mwanangu, chagua labda moja."

Yaliyofuata mnayajua, nanyi mmeyasikia kwa namna tatu au nne. Nyota alijifungua salama, mtoto wa kiume, na hakupewa jina la rangi yoyote. Mke wa mwalimu yuko hai. Mtoto wake hakuishi. Barabara ya kupanda ilifungwa na vita kabla mpaka haujafunguliwa, na jip iko Lemera mpaka leo chini ya turubai, vyuma vyake vimepakwa grisi na kufungwa kwenye mfuko, vyote vizima. Nilipoifungua nilikuta kipande cha reli inayoongoza cheni kimevunjika na kuangukia chini. Patro nilipomwonyesha, alikigeuza mkononi kwa muda mrefu. Nilimwuliza kama ingeshika. Alisema angekuwa yeye angeteremka nayo, na kwamba labda angekufa. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitumia neno hilo.

Kwa hiyo sina fundisho la kuwaachia, ila hili la kazi: mkikuta ugonjwa, msiutaje kwa jina lake mpaka mjue jina hilo lina maana gani nyumbani kwa mwenye gari. Mwulizeni anaelewa nini. Mngojeeni ajibu kwa maneno yake. Kutikisa kichwa si jibu. Na gari la kifahari mliloletewa likiwa macho, nendeni mkalitafute linakolala, hata kama mwenyewe atawatukana.

Mengine ni yangu. Nimewaza sana kama nilichagua au niliogopa, na kama kuna tofauti. Ninachokumbuka ni mikono. Mikono yangu ilijua kazi yake asubuhi ile, jambo ambalo halijawahi kunitokea tena.

Nilifungua boneti. Nilitoa kwanza waya wa betri, nikaukunja mbali, ili nisipate nafasi ya kubadilisha mawazo. Nikachukua spana namba kumi, nikaiweka kwenye bolti ya kwanza ya kifuniko cha moteri, nikasukuma kwa uzito wangu wote mpaka ikalia na kuachia. Papa Kabungulu alisimama nyuma yangu. Nilitoa ya pili, nikaiweka juu ya kitambaa. Nilipofika kwenye ya tatu, nilimsikia akitoa simu mfukoni, akapiga Katogota, akawaambia watengeneze kinga ya kumbeba mke wa mwalimu.